Mwenza Asiyetibiwa: Kwa Nini Uchafu Ukeni Hurudi

Kwa miaka mingi miongozo ya tiba imewafundisha wahudumu wa afya kwamba vajinosisi ya bakteria haihesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa, kwa hiyo mwenza wa mgonjwa hahitaji dawa. Makala hii inadai kwamba hitimisho hilo halina tena mashiko, na anayelipia gharama yake ni mwanamke.

Kuhusu visababishi vingine vya uchafu ukeni hakuna ubishi mkubwa. Ute mweupe wenye mabonge na muwasho mkali kwa kawaida ni fangasi, na dawa yake ni klotrimazoli. Majimaji ya kijani-njano yenye povu huashiria trikomonasi, na hapo hakuna anayebisha kwamba mwenza naye atibiwe. Kisonono na klamidia hukaa kwenye mlango wa kizazi, mara nyingi bila dalili yoyote.

Vajinosisi ina sura yake. Laktobasila, bakteria wanaoulinda uke kwa asidi, hupungua, na bakteria wasiohitaji oksijeni hushika nafasi yao. Kipimo cha pH hupanda kupita 4.5. Tone la potasiamu haidroksaidi likiwekwa kwenye ute, harufu ya samaki hutoka papo hapo. Chini ya darubini, seli za uke huonekana zimegandwa na bakteria hadi kingo zake hazitambuliki.

Metronidazoli huondoa hali hii vizuri. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya wanawake hurudiwa ndani ya mwaka mmoja. Wakirudi kliniki huulizwa kama walimaliza dozi, kama wanajiosha ndani kwa sabuni. Kujiosha ndani kunadhuru kweli, na waache. Lakini maswali yote yanamlenga mwanamke, na mume hatajwi.

Mwaka 2025 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio la Australia lililohusisha jozi 164 za wenza. Wanawake wote walipewa tiba ya kawaida. Katika kundi moja wanaume nao walimeza metronidazoli miligramu 400 mara mbili kwa siku, na kupaka krimu ya klindamaisini ya asilimia 2 kwenye uume, kwa siku 7. Baada ya wiki 12, vajinosisi ilikuwa imerudi kwa asilimia 35 ya wanawake katika kundi hilo, dhidi ya asilimia 63 pale ambapo mwanamume hakutibiwa. Jaribio lilisitishwa mapema, maana kuendelea kuwanyima wengine tiba hiyo hakukuwa na uhalali.

Wapinzani watataja majaribio ya awali yaliyoshindwa. Hayo yalitegemea vidonge pekee, ilhali bakteria hao wapo pia kwenye ngozi ya uume, mahali ambapo krimu ndiyo hufika. Hoja nzito zaidi ni kwamba wanaume wengi wa Australia walioshiriki hawakuwa wametahiriwa. Ni kweli, na katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako wanaume wengi wametahiriwa, tofauti hiyo ni kubwa. Lakini tohara yenyewe inatoa ushahidi upande wetu: kule Rakai, Uganda, wake wa wanaume waliotahiriwa katika jaribio la tohara walipata vajinosisi kwa kiwango cha chini kuliko wake wa wasiotahiriwa. Huko Kisumu, Kenya, bakteria waliokutwa kwenye uume walitabiri ni mwanamke yupi angeugua baadaye. Kama uume haukuwa na mchango, matokeo hayo yangetoka wapi?

Linabaki suala la ndoa. Mke akipeleka krimu nyumbani anaweza kutuhumiwa uzinzi, na tuhuma hiyo inaweza kumletea kipigo. Ndiyo maana mhudumu aonane na mume mwenyewe, ikiwezekana wawili hao wakiwa pamoja kwa ridhaa ya mke, na awaeleze kwamba hali hii haithibitishi usaliti wa yeyote. Wizara za afya za Afrika Mashariki ziingize tiba ya mwenza katika miongozo sasa, kwanza kwa wanawake wanaorudiwa mara kwa mara, huku jaribio kama hilo likifanywa hapa kwa wanaume waliotahiriwa.