Michezo ya Video ya Zamani na Mvuto wa Kuirudia

Katika lugha yetu hatusemi "bao la zamani". Twasema bao, basi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alilitungia shairi mwanzoni mwa karne ya 19, nalo lingali linachezwa barazani leo alasiri. Wala hatujapata kumsikia mchezaji akidai kwamba ameketi kulikabili ili akumbuke ya kale. Michezo ya video haikujaliwa heshima hiyo. Ilianza kuuzwa kwa umma mwanzoni mwa miaka ya 1970, yaani haijafikia hata umri wa miaka 60 ambao mtumishi wa umma hulazimika kustaafu, nayo imekwisha kuitwa ya zamani. Anayeirudia huulizwa sababu, kana kwamba amekutwa akila kiporo.

Jibu linalotolewa upesi ni kwamba mtu mzima huutamani utoto wake. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi, na sisi wa Tanzania tuna sababu ya pekee ya kulitilia shaka. Televisheni ilianza Zanzibar mapema katika miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi mwaka 1994. Aidha, mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta na seti za televisheni, na zuio hilo lililegezwa baada ya miaka mingi. Maadamu mashine za kuchezea nyumbani zilihitaji kuunganishwa na televisheni, nyumba nyingi za Bara hazikuiona michezo hiyo katika ujana wake. Iliwafikia watoto wetu katika miaka ya 1990, aghalabu kwa njia ya mashine za bei nafuu zilizotengenezwa Asia kwa kuiga ile ya kampuni ya Nintendo ya Japani, pamoja na kaseti za plastiki zilizosheheni michezo kadhaa kwa pamoja. Super Mario Bros. ulitolewa Japani mwaka 1985. Mtoto wa Kariakoo au wa Mwanza aliyeucheza kwa mara ya kwanza mwaka 1996 aliupokea ukiwa umekwisha kutimiza miaka kumi na mmoja, naye akauona mpya kabisa. Kilichomshika mtoto yule hakikuwa kumbukumbu, kwa kuwa hakuwa nayo.

Basi kilichomshika ni nini? Hapana budi tutazame jinsi michezo ile ilivyoundwa. Mafundi wake walikuwa maskini wa vifaa. Super Mario Bros. nzima, pamoja na nchi zake nane, ilitosha katika kilobaiti 40, kiasi ambacho picha moja iliyopigwa kwa simu ya leo hukipita mara nyingi. Ili kubana nafasi, wingu la angani na kichaka cha ardhini vilitumia mchoro ule ule mmoja, tofauti ikawa ni rangi tu. Na mtu aweza kuucheza mchezo huo miaka nenda miaka rudi asilitambue jambo hilo mpaka aonyeshwe. Kabla ya hapo, mwaka 1978, Tomohiro Nishikado aliunda Space Invaders, mchezo wa safu za wavamizi wanaoshuka polepole kutoka juu. Mashine yake haikuweza kuwachora wavamizi wote kwa kasi. Kila mmoja alipopigwa, kazi ya mashine ilipungua, na waliosalia wakazidi kwenda mbio. Nishikado aliiacha hali hiyo kama ilivyo. Kwa hiyo mchezaji anayekaribia ushindi ndiye anayebanwa zaidi, na dhiki hiyo, iliyozaliwa na udhaifu wa chombo, ikawa ndiyo roho ya mchezo.

Sisi tunaotunga mashairi hatushangazwi na habari hii. Mshororo wa shairi una mizani 16, nane upande huu na nane upande ule, na kina hakina huruma. Mgeni wa fani hudhani kwamba hicho ni kifungo. Mtunzi hujua kwamba laiti ukuta ule usingekuwapo, asingepata mahali pa kuegemeza ngazi yake. Bao nalo lina ukuta wa namna hiyo: mashimo 32, kete 64, basi. Kila mchezaji huanza na kete sita katika nyumba, mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi. Mwanzo ni ule ule kila siku. Hata hivyo hatua ya namua haijafika mbali ila wachezaji wawili hodari wamekwisha kujikuta mahali ambapo hawajapata kufika, na watazamaji wote wanyamaze.

Miongoni mwa michezo ya video, ule unaolidhihirisha jambo hili kuliko yote, kwa maoni yetu, ni Tetris. Aliuunda Alexey Pajitnov mwaka 1984 mjini Moscow, alipokuwa mtafiti katika kituo cha kompyuta cha Akademia ya Sayansi ya Kisovieti. Kompyuta aliyoitumia, Elektronika 60, haikuwa na uwezo wa kuchora picha, na kwa sababu hiyo maumbo yake aliyaunda kwa alama za mabano. Maumbo ni saba tu, kila moja likiwa la miraba minne. Hudondoka moja baada ya jingine katika kisima chenye upana wa miraba 10 na kimo cha miraba 20. Safu ikijaa, hufutika. Hapo mchezo umekwisha kuelezwa wote. Hakuna shujaa, hakuna hadithi, wala hakuna adui wa kulaumiwa: pengo lililoachwa katika safu ni la aliyeliacha.

Katika toleo la Nintendo la mwaka 1989 kasi huongezeka ngazi kwa ngazi. Ikifika ngazi ya 29, maumbo hushuka kwa haraka kiasi kwamba mchezaji akishikilia kibonyezo kwa namna ya kawaida hawezi kuyafikisha ukingoni, na kwa miaka mingi iliaminika kwamba hapo ndipo mwisho wa uwezo wa binadamu. Tangu mwaka 2010 yamekuwapo mashindano ya dunia ya toleo hilo huko Marekani. Wakatokea waliojifunza kukibonyeza kibonyezo kwa mtetemo wa kidole, wakavuka ngazi ile kwa taabu. Kisha, mnamo miaka ya mwanzo ya 2020, ikagunduliwa njia nyingine: mchezaji hukigusa kibonyezo kwa kidole gumba, na vidole vya mkono wa pili vikapiga mgongo wa pedi kimoja baada ya kingine, mithili ya mpiga ngoma, hata kila pigo likawa ni bonyezo moja. Mwezi wa Desemba 2023 kijana wa miaka 13 wa jimbo la Oklahoma aliufikisha mchezo kwenye ngazi ya 157, na hapo programu yenyewe ikashindwa kuendelea, ikaganda. Hakuna binadamu aliyewahi kuifikisha huko kabla yake. Mchezo ulikuwa na umri wa miaka 34. Nani atasema kwamba kijana yule alikuwa akiutamani utoto wake? Utoto wenyewe ndio kwanza alikuwa nao.

Twapenda msomaji alitafakari jambo hili. Kaseti ya mwaka 1989 haikuongezwa hata nukta moja. Ni vidole vilivyobadilika. Michezo mingi mipya hurekebishwa na waundaji wake kila mwezi, silaha hii ikipunguzwa nguvu na ile ikiongezwa, hata mchezaji hajui kama ameendelea yeye au imeendelea programu. Mchezo uliokwisha kufungwa hautoi udhuru wa namna hiyo. Aliyeshindwa jana na akashinda leo anajua kwa hakika kwamba aliyekua ni yeye.

Hatusemi kwamba kila cha kale ni chema. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ilitoa mchezo wa E.T., ulioundwa kwa muda wa wiki tano hivi ili uwahi Krismasi. Kaseti nyingi zikakosa wanunuzi, na mwaka 1983 kampuni ikazifukia, pamoja na bidhaa nyingine, katika jaa la Alamogordo, New Mexico. Zilifukuliwa mwaka 2014, na moja yake ikapelekwa katika makumbusho ya Smithsonian. Imepata mahali pa kutazamwa.

Jambo zito zaidi ni kwamba hata mchezo ulio mwema hauwezi kurudiwa bila mlango wa kuingilia. Unahitaji mashine yake, au programu inayoiga mashine hiyo, na pia unahitaji ridhaa ya mwenye haki. Wapo walioanza mapema kuhifadhi: programu iitwayo MAME, inayoiga mashine za kumbi za michezo, ilitolewa mwaka 1997, na mwaka 2012 Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yaliingiza michezo 14 katika hazina yake, Tetris ukiwamo. Lakini mwezi wa Julai 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena madukani. Mwezi wa Machi mwaka huo huo Nintendo ilikuwa imefunga maduka ya kielektroniki ya mashine zake mbili, 3DS na Wii U. Maktaba zilipoomba idhini ya kuwafungulia watafiti michezo hiyo wakiwa mbali, Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani iliwakatalia mwezi wa Oktoba 2024. Hatubezi haki ya mtunzi, nasi wenyewe tukiwa watunzi. Lakini kitabu kilichochapwa mwaka 1989 hukaa rafuni hata kama mchapishaji wake amekwisha kukisahau, na msomaji hahitaji chochote ila macho na mwanga.

Bao halina mwenye hakimiliki. Ukikosa ubao wa mninga, chimba mashimo mchangani, okota kokoto 64, tafuta mtu wa kukaa upande wa pili. Hatari yake ni ya namna nyingine, kwani mlango wake ni mwalimu. Kwa muda mrefu maarifa ya mabingwa yamepokewa barazani, kwa kutazama na kukosolewa: lini mtu aitumie nyumba na lini aihifadhi, lini atakase, lini atoe kete kidogo apate mtaji. Mholanzi Alexander de Voogt alikaa na mabingwa wa Zanzibar akayachunguza maarifa hayo, na mwaka 1995 akatoa kitabu juu yake, kwa Kiingereza. Si aibu kwake. Mwanafunzi wa sekondari aliye na daftari na babu jirani anaweza kufanya kazi ya aina hiyo kwa Kiswahili.

Na akiisha kumwuliza babu, amwulize pia mjomba na shangazi waliokuwa watoto katika miaka ya 1990: mashine ya kwanza ilifika lini mtaani, ilinunuliwa wapi, walikuwa wakiingia wangapi katika chumba kimoja, nani alipangiwa zamu na nani alinyimwa. Waliocheza wangali hai na wanakumbuka. Kaseti zenyewe baadhi zimo masandukuni chini ya vitanda, vumbi limeshika penye meno ya shaba. Watoto wa wakati ule walizipuliza kwanza, ndipo wakazichomeka.