Dawa za presha ya mimba hazitibu kondo la nyuma

MAMA mjamzito aliyeandikiwa vidonge vya shinikizo la damu huweza kudhani, tarakimu za kipimo zikishateremka, kwamba maradhi yamekwisha. Dhana hiyo ni ya hatari. Katika prieklampsia, yaani shinikizo la damu la ujauzito ambalo huweza kuleta kifafa cha mimba, vidonge hutuliza presha tu. Chanzo cha maradhi kimo katika kondo la nyuma, na hakuna kidonge kinachokiondoa.

Prieklampsia hutokea katika mimba kati ya mbili na nane kwa kila 100 duniani, kwa kawaida baada ya wiki ya 20. Hutambulikana kwa presha ya 140 kwa 90 au zaidi pamoja na protini katika mkojo, ingawa siku hizi daktari aweza kuithibitisha hata bila protini iwapo ini, figo au ubongo umeathirika.

Kiswahili kililiita kondo la nyuma kwa kuwa hutoka baada ya mtoto. Katika maradhi haya, hata hivyo, ndilo linalotangulia. Katika miezi ya mwanzo ya ujauzito, chembechembe za kondo hupenya mishipa ya damu ya mji wa mimba na kuimega misuli ya kuta zake, hata mishipa iliyokuwa myembamba ikawa mipana na milegevu. Siku za kujifungua zikikaribia, damu inayopita humo huzidi nusu lita kila dakika.

Kwa wengi wanaopatwa na prieklampsia mapema, kazi hiyo iliishia njiani. Mishipa ilibaki myembamba, damu huingia kwa kishindo badala ya kutiririka, na kondo hukosa oksijeni ya kutosha. Kondo lililoumia humwaga katika damu ya mama protini zinazovuruga utando wa ndani wa mishipa yake mwili mzima. Mojawapo ilielezwa na watafiti wa Boston, Marekani, mwaka 2003. Mishipa hukazana na kuvuja. Presha hupanda, protini huponyoka kupitia figo, uso na mikono huvimba.

Kwa nini basi dawa zitolewe? Kwa sababu presha ikifika 160 kwa 110, mshipa wa ubongo waweza kupasuka na mama akafa kwa kiharusi. Hiyo ni dharura isiyongoja kesho. Dawa zitumikazo ni nifedipini, labetaloli, haidralazini na ile kongwe, metildopa, ambayo uchunguzi wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1982 uliwafuatilia watoto wa waliyoitumia hadi umri wa miaka saba na nusu bila kuona madhara.

Lakini presha haiporomoshwi kwa pupa. Kondo halina uwezo mkubwa wa kujirekebishia mtiririko wa damu. Hutegemea msukumo unaotoka kwa mama. Msukumo ukikatika ghafla, moyo wa mtoto huanza kupiga polepole. Ndiyo maana tabia ya zamani ya kutoboa kidonge laini cha nifedipini na kukidondosha chini ya ulimi iliachwa.

Kwa miaka mingi hofu hiyo iliwafanya madaktari wasite kutibu presha isiyo kali, wasije wakamnyima mtoto chakula. Hofu imepungua. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2015 uligundua kwamba kuidhibiti presha barabara huwapunguzia akina mama presha kali bila kuwadhuru watoto. Mwingine wa Marekani, wa mwaka 2022, ulihusu wanawake 2,408 waliokuwa na presha ya muda mrefu. Waliotibiwa ili wawe chini ya 140 kwa 90 walipata matatizo machache zaidi, prieklampsia kali ikiwamo, na watoto wadogo kupita kiasi hawakuongezeka.

Dawa nyingine ni mwiko. Enalaprili, kaptoprili na losartani, ambazo hupatikana katika nyumba nyingi zenye mzee mwenye presha, hulivuka kondo na kuziharibu figo za mtoto aliye tumboni. Kuazima vidonge vya mama mkwe si uchumi.

Salfeti ya magnesi nayo si dawa ya presha. Ni kinga ya degedege, na utafiti mkubwa wa mwaka 2002 ulionyesha kuwa hupunguza kwa zaidi ya nusu uwezekano wa kupatwa na kifafa cha mimba. Aspirini ya kiwango kidogo huzuia baadhi ya maradhi haya kwa walio katika hatari, mradi ianzishwe mapema, kabla ya wiki ya 16, kwa agizo la daktari.

Tiba yenyewe ni kondo kutoka. Mimba ikitimiza wiki 37, mama huzalishwa. Kabla ya wiki 34, daktari hujaribu kungoja iwapo hali inaruhusu, na hapo ndipo vidonge hupata thamani yake halisi: hununua siku za mtoto kukua. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona vimulimuli au maumivu yakichoma chini ya mbavu, mama afike hospitalini hata kama jana kipimo kilikuwa kizuri.

Wala hatari haiishi mara kondo litokapo. Presha huweza kupanda tena kati ya siku ya tatu na ya sita baada ya kujifungua, wakati wengi wamekwisha kurudi nyumbani, na kifafa huweza kuzuka hata wiki kadhaa baadaye. Wakati huo enalaprili, iliyokuwa mwiko, huruhusiwa hata kwa anayenyonyesha, maana kondo la kuivukia halipo tena.