Wana wa Jangwani, chama ambacho viongozi wake hawana mamlaka

Katiba za vyama vingi hutumia kurasa nzima kueleza madaraka ya mwenyekiti. Katiba ya Sons of the Desert, yaani Wana wa Jangwani, inatamka waziwazi kwamba viongozi wa chama hawana mamlaka yoyote. Kiongozi anaitwa Sheikh Mkuu. Chini yake yuko Sheikh Makamu, na chini ya huyo yuko makamu wa makamu, na heshima pekee wanayohakikishiwa ni viti vya meza kuu siku ya karamu. Kwa masharti ya namna hiyo ungedhani chama kingekufa kabla ya mwaka wa pili. Kilianzishwa New York mwaka 1965 na hadi leo kipo, kina matawi Marekani, Uingereza, Uholanzi na kwingineko, na kazi yake ni moja: kumkumbuka Stan Laurel na Oliver Hardy.

Hata asiyeyajua majina hayo huenda anazijua sura. Mmoja mwembamba, anakuna kichwa na kulia kama mtoto aliyenyang'anywa andazi. Mwingine mnene, ana kisharubu kidogo chini ya pua, huichezea ncha ya tai yake akiona haya, na mambo yakiharibika hugeuka kututazama sisi watazamaji, kana kwamba tunaweza kumsaidia. Laurel alizaliwa Ulverston, kaskazini mwa Uingereza, tarehe 16 Juni 1890, jina lake halisi likiwa Arthur Stanley Jefferson. Mwaka 1910 alivuka bahari kwenda Marekani na kundi la vichekesho la Fred Karno, ambamo Charlie Chaplin ndiye aliyekuwa nyota na Stan akawa mbadala wake. Hardy alizaliwa Harlem, mji mdogo wa jimbo la Georgia, tarehe 18 Januari 1892. Walikutanishwa na studio ya Hal Roach huko California, na tangu mwaka 1927 wakawa pacha wa kazi. Walionekana pamoja katika filamu zaidi ya 100, na mojawapo, The Music Box, ambamo wanapandisha piano kwenye ngazi ndefu isiyoisha, ilipata tuzo ya Oscar ya filamu fupi ya vichekesho mwaka 1932.

Kilichofuata ni kisa cha wasanii wengi. Filamu hazikuwa mali yao. Televisheni ilipoingia, kazi zao zilionyeshwa kila siku, zikikatwakatwa ili matangazo ya biashara yapate nafasi, na wao hawakupata senti kwa maonyesho hayo. Umri ukiwa umesogea, walirudi jukwaani, wakazunguka kumbi za Uingereza na Ireland. Septemba 1953 meli yao ilitia nanga bandari ya Cobh, Ireland, wakakuta umati umejaa gatini. Kengele za kanisa kuu la Mtakatifu Colman, juu ya kilima, zikaanza kupiga wimbo wao, ule mwito wa ndege kekeo uliofungua filamu zao. Laurel alisimulia baadaye kwamba yeye na mwenzake walitazamana, wakalia.

Katika ziara hiyohiyo, huko Birmingham, Mmarekani mmoja aliyekuwa akisomea Shakespeare aliomba kuwaona nyuma ya jukwaa. Aliitwa John McCabe. Wasomi wa wakati ule waliona haya kumtaja mchekeshaji wa kuangukaanguka katika sentensi moja na Shakespeare. McCabe hakuona haya. Urafiki uliozaliwa pale ulizaa kitabu, Mr. Laurel and Mr. Hardy, kilichotoka mwaka 1961. Hardy hakukiona, kwa kuwa alifariki tarehe 7 Agosti 1957. Laurel aliishi miaka mingine karibu minane, akakataa kuigiza bila mwenzake.

Hapo ndipo ilipo mizizi halisi ya chama, kwa maoni yangu, kabla ya katiba na kabla ya vyeo. Laurel alihamia nyumba ya kupanga ya Oceana, mkabala na bahari, Santa Monica, na namba yake ya simu ilikuwa kwenye kitabu cha simu kama ya fundi bomba. Aliyetaka alipiga. Mwigizaji Dick Van Dyke alimpata kwa njia hiyohiyo, na ndiye aliyekuja kuzungumza kwenye mazishi yake. Barua zilimiminika, na mzee alizijibu mwenyewe kwa taipureta, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho wa maisha yake. Mashabiki waliozoea kujibiwa na mtu kama huyo wasingekubali asahaulike kirahisi.

McCabe alipotaka kuunda chama alikuwa na wenzake wanne: mwigizaji Orson Bean, mchoraji Al Kilgore, mchekeshaji Chuck McCann na John Municino. Laurel alitoa idhini yake muda mfupi kabla ya kufariki tarehe 23 Februari 1965, ila alitaka jambo hilo lisigeuke kuwa ibada. Kama kutakuwa na heshima, alishauri, basi iwe heshima ya nusunusu. Alishauri pia wanachama wavae tarbushi, au beji kifuani yenye maneno ya kusema kuwa hapa pana vichwa viwili visivyo na wazo hata moja. Kilgore akachora nembo, na maneno hayo yakageuzwa Kilatini ili yaonekane ya maana.

Jina lilitoka kwenye filamu yao ya mwaka 1933. Humo wawili hao ni wanachama wa udugu wa wanaume wavaa tarbushi, wameapa kuhudhuria mkutano mkuu Chicago, na wake zao wamekataa. Hardy anajifanya mgonjwa. Laurel anamletea daktari wa mifugo, naye anaagiza mgonjwa asafiri kwa meli kwenda Honolulu. Badala yake wanakwenda Chicago kustarehe. Meli waliyopaswa kurudi nayo inazama kwenye kimbunga, na wake zao, wakitafuta utulivu kwenye jumba la sinema, wanawaona waume zao kwenye filamu ya habari, wazima kabisa, wakicheza kwenye gwaride la Chicago. Mashabiki walipofanya mkutano wao wa kwanza wa kimataifa mwaka 1978, walikwenda wapi? Chicago.

Kila tawi huitwa hema, na kila hema huchukua jina la filamu. Glasgow, mji ambako Laurel alipanda jukwaani mara ya kwanza akiwa kijana wa miaka 16, wana hema la Bonnie Scotland. Los Angeles wana Way Out West. Wazee wetu wa pwani waliocheza beni wangewaelewa watu hawa bila kuelezwa. Marini na Arinoti, makundi ya ngoma hiyo, nao walikuwa na wafalme na majemadari wao, sare za kushonesha na vyeo vya kuazima kwa wakubwa, na kucheka kwao hakukupunguza ukali wa nidhamu ndani ya kundi. Tofauti ni kwamba Wana wa Jangwani hawana mahasimu wa kushindana nao. Mkutano wa hema huwa na mambo machache: chakula, filamu, na glasi kuinuliwa kwa majina yaleyale. Kwa Stan. Kwa Babe, ndivyo Hardy alivyoitwa na rafiki zake. Kwa James Finlayson, Mskoti yule mwenye upara aliyekuwa bingwa wa kukodoa jicho moja. Kwa Mae Busch na Charlie Hall, waigizaji ambao hata wapenzi wa filamu za zamani wangewasahau.

Desturi hiyo ndogo naipenda kuliko zote, kwa sababu iliwafikia waigizaji wa pembeni wangali hai. Anita Garvin, aliyewahi kuikalia pai ya krimu katika filamu ya mwaka 1927, alikuwa ameacha kuigiza miaka mingi. Mashabiki walimtafuta, wakamwalika kwenye karamu zao, na bibi akajikuta anashangiliwa upya uzeeni na watu waliozaliwa baada ya yeye kustaafu.

Filamu yenyewe, The Battle of the Century, ndiyo inayoonyesha jinsi kumbukumbu ilivyo kitu cha kushikika kwa mkono. Ni vita ya kurushiana pai mtaani. Inasemekana zilitumika 3,000. Filamu bubu za wakati ule zilikuwa kwenye nitrati, mkanda unaooza na kushika moto kwa urahisi, na studio hazikuona faida ya kuzitunza. Mwaka 1957 mtengeneza filamu Robert Youngson aliingiza vipande vya vita hiyo katika filamu yake ya kumbukumbu, kisha mkanda kamili wa pili, wenye vita hiyo, ukapotea. Kwa zaidi ya nusu karne mashabiki walikariri dakika zile chache tu. Mwaka 2015 Jon Mirsalis, mkusanyaji wa filamu, alikuwa akipitia makopo aliyoyanunua kutoka kwenye mkusanyo uliowahi kupitia kwa Youngson, akakuta moja limeandikwa jina la filamu hiyo na namba ya mkanda wa pili. Angeweza kudhani ni vile vipande vya siku zote. Ulikuwa mkanda mzima. Hata hivyo kipande cha mkanda wa kwanza hakijaonekana, na mahali pake hujazwa kwa picha mnato.

Muziki nao ulipata wakombozi. Karatasi za nota za Leroy Shield, ambaye tungo zake husikika nyuma ya filamu nyingi za Hal Roach, zilikuwa hazipatikani. Waholanzi Piet Schreuders na Gert-Jan Blom walizisikiliza filamu, wakachuja sauti chini ya mazungumzo na vishindo vya sahani, kisha nota zikaandikwa upya kwa masikio. Katika miaka ya 1990 bendi yao, The Beau Hunks, ikazirekodi.

Huko Ulverston alikozaliwa Laurel, meya wa zamani wa mji, Bill Cubin, alifungua jumba la makumbusho mwaka 1983, lililojaa picha na makorokoro mpaka darini. Sanamu ya wawili hao ilisimamishwa nje ya Coronation Hall mwaka 2009, jengo ambalo Laurel alitokea kwenye roshani yake mwaka 1947 na kukabidhiwa nakala ya cheti chake cha kuzaliwa. Harlem, Georgia, nao wana makumbusho yao na tamasha la Oktoba kila mwaka.

Kinachowakosesha usingizi mashabiki ni Hats Off, ya mwaka 1927, filamu fupi ambamo wauzaji wawili wanapandisha mashine ya kufulia kwenye ngazi zilezile za Los Angeles zilizokuja kutumika kwa piano. Picha mnato zipo. Mkanda haupo, hata mmoja. Ngazi bado zipo mtaa wa Silver Lake, na kila mashabiki wanapokutana Los Angeles wapo wanaokwenda kuzipanda, 133 kwa hesabu inayokubalika, wengine wakiwa na umri ambao daktari asingeruhusu.