Nani atatazama sikio la mtoto? Historia fupi ya kufundisha waganga

KALEMIE – Ninyi wa mjini na ninyi mliokimbia vita kutoka Nyunzu, Manono na kwingine, kuna swali ambalo akina mama wengi wanauliza: mtoto anatoka usaha sikioni, nani atamtazama? Jibu linategemea mganga alifundishwa nini. Kwa hiyo leo turudi nyuma kidogo.

Kazi ya daktari wa masikio, pua na koo, yule tunayemwita kwa kifupi ORL, ilianza na kioo. Mwaka 1854 Manuel García, mwalimu wa kuimba na wala si mganga, alitumia kioo kidogo na mwanga wa jua akaona koo lake mwenyewe, mahali sauti inapotoka. Waganga wakachukua kioo hicho wakakifanya chombo cha kazi. Kule Vienna, nchini Austria, kliniki ya masikio ilifunguliwa mwaka 1873, na profesa Adam Politzer akawa anafundisha wanafunzi kutoka nchi nyingi. Tangu hapo, kazi hii inafundishwa kwa jicho na mkono: mwanafunzi anashika taa, anatazama mwenyewe, kisha anatazama tena.

Na kwetu? Wakati mji wetu ukiitwa Albertville, Wabelgiji hawakumfundisha Mkongo kuwa daktari. Kuanzia miaka ya 1930 walifundisha wasaidizi wa waganga. Hao walisoma miaka mingi na kufanya kazi nzito, lakini daima chini ya daktari Mzungu. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954, lakini masomo ya uganga ni marefu. Tarehe 30 Juni 1960 uhuru ulikuta nchi haina hata daktari mmoja Mkongo. Madaktari wengi Wabelgiji walipoondoka, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilisaidia kupeleka makumi ya wale wasaidizi Ufaransa ili wamalize masomo na kurudi wakiwa madaktari.

Mwaka 1971 vyuo vikuu viliunganishwa kuwa kimoja cha taifa, na mwaka 1981 vikatenganishwa tena: Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani. Chuo Kikuu cha Kalemie nacho kilianza kama tawi la Lubumbashi. Lakini nchi iliyoanza bila daktari ilihitaji kwanza watu wa kuzalisha akina mama, kupasua na kutibu malaria. Masikio yakabaki kuwa somo dogo la miaka ya mwisho, pamoja na macho na ngozi, na kazi yenyewe ikaachiwa bingwa wa mji mkubwa.

Hasara yake ni kubwa. OMS ilisema mwaka 2021 kwamba watu milioni 430 duniani wanahitaji msaada kwa sababu hawasikii vizuri, na wengi wao wako katika nchi za kipato kidogo na cha kati, ikiwemo yetu. Usaha unaorudi-rudi unatoboa ngozi ya ndani ya sikio. Surua na ugonjwa wa uti wa mgongo vinaweza kumwacha mtoto kiziwi. Hata dawa inaweza kudhuru: streptomisini, iliyookoa wagonjwa wengi wa kifua kikuu tangu miaka ya 1940, inaweza kuua usikivu. Mganga aliyefundishwa anamuuliza mgonjwa mapema kama masikio yanavuma. Asiyefundishwa haulizi.

Kuwa bingwa wa ORL kunadai miaka mingine baada ya diploma ya udaktari. Tunawahitaji mabingwa hao. Lakini mama wa Nyunzu au Moba anakutana kwanza na muuguzi au daktari wa kawaida. Huyo akiwa na taa ndogo ya kutazamia sikio, pamba safi ya kukausha usaha na mkono uliozoea, anaweza kuzuia uziwi mwingi, na kujua mapema nani apelekwe mbali. Basi tukitaka kupima mafunzo ya vijana wetu, tusihesabu tu saa walizokaa darasani. Tuulize kila mmoja ametazama masikio mangapi kabla ya kupewa diploma.

Nanyi wazazi, usaha wa sikio si jambo la kungoja likauke lenyewe. Msitie mafuta, petroli wala maji ya majani. Mpelekeni mtoto kituo cha afya. Tumezoea kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini mtoto unayemwita mara tatu kwa nyuma asigeuke, kabla ya kumchapa, fikiri kwamba pengine kweli hakukusikia.