Takhmisi

Takhmisi, neno lililotwaliwa katika Kiarabu, ambako asili yake ni hesabu ya tano, ni sanaa ya malenga kuchukua utungo wa mwenziwe aliyemtangulia, wenye mishororo miwili miwili, na kuukuza kwa kutanguliza mishororo mitatu yake mwenyewe, hata kila ubeti ukatimia mitano. Kanuni ya Waarabu yataka ile mitatu mipya ifuate kina cha mshororo wa kwanza wa asili, ili msikilizaji asikie maneno mageni yakiteremka taratibu mpaka yakutane na yale aliyoyahifadhi tangu utotoni. Na hapo, kwa hakika, ndipo ilipo ladha yake yote. Kasida ya Burda ya al-Busiri, mshairi wa Misri wa karne ya 13, imefanyiwa takhmisi nyingi mno, na katika baadhi ya nakala zake maneno ya asili yameandikwa kwa wino wa rangi nyingine, haki ya mwenyewe isipotee.

Katika pwani ya Waswahili, iliyo mashuhuri ni Takhmisi ya Liyongo, ambayo Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi yule yule wa utenzi wa Al-Inkishafi, aliijenga juu ya beti zinazonasibishwa na malenga wa kale Fumo Liyongo. Kutunga takhmisi si wizi hata kidogo, maana mtunzi wa pili hujifunga kwa mizani na vina vya mwingine, tena kwa ridhaa humwachia yule wa kwanza kauli ya mwisho katika kila ubeti.