Zile Nguo Nyeupe za Shikoku Si za Picha

Kuna video moja hurudi kwa simu yangu kila baada ya miezi kadhaa, inabadilisha sura tu. Mtalii amevaa shati jeupe na kofia pana ya nyasi, ameshika fimbo, anatembea barabara ya kijijini Japani. Nyanya mmoja anatoka kwake na mfuko wa machungwa, anampa, anainama kidogo, anarudi ndani. Ukishuka kwa komenti ni zile zile: "Manze Wajapani ni wema." "Huku kwetu ungeulizwa unatafuta nani."

Mimi pia nilicheka hiyo ya pili. Halafu nikaanza kusoma hiyo barabara ni ipi, na sasa siwezi kuangalia hiyo video vile nilikuwa naiangalia.

Hiyo ni Shikoku, kisiwa kidogo kuliko vyote kati ya vinne vikubwa vya Japani. Kuna njia ya hija inayokizunguka chote, mahekalu 88, karibu kilomita 1,200. Ukienda kwa miguu unatumia wiki sita hivi, na mahujaji wanaitwa henro. Njia nzima imefungwa kwa jina la mtawa mmoja, Kukai, aliyezaliwa mwaka wa 774 kwenye kisiwa hicho hicho, akaenda China 804 kusoma, akarudi 806 na mafundisho ya Ubuddha wa Shingon. Huyu jamaa hakuwa wa kukaa tu na vitabu. Mwaka wa 821 alisimamia ukarabati wa bwawa la Manno, na hadi leo linamwagilia mashamba. Baada ya kufa akapewa jina la heshima, Kobo Daishi, na watu wa Shikoku wanaamini kila hujaji anatembea naye. Kwa kofia zao imeandikwa maneno yanayomaanisha wasafiri wawili pamoja, hata kama uko pekee yako.

Leo mgeni amepangiwa kila kitu. Kila hekalu lina ofisi ya kupigiwa muhuri kwa kitabu chako, na maandishi ya brashi juu yake. Njiani kuna vibanda vya kupumzikia. Mahekalu kadhaa yana vyumba vya kulala wageni, na chakula cha jioni na cha asubuhi kikiwemo. Ukifika Kagawa unakula udon, tambi nene za ngano. Huko mvua ni kidogo, ngano ikawa na maana kuliko mpunga, ndiyo maana tambi zao zina jina Japani nzima. Vibanda vya udon vinafungua asubuhi, unachukua bakuli lako mwenyewe, na mahali pengine wakiishiwa na tambi wanafunga tu. Kochi nako kuna samaki wa jamii ya jodari anayebabuliwa kwa moto wa nyasi kavu, nje ameungua, ndani bado mbichi. Hadithi inasema ni Kukai aliyeleta udon kutoka China. Hakuna ushahidi, lakini msee akishapewa sifa ya kila kitu, hata tambi atapewa.

Sasa rudi kwa zile nguo nyeupe. Nyeupe ndiyo rangi ya kumvisha maiti. Fimbo ndiyo ingesimamishwa juu ya kaburi lako ukifia njiani. Hujaji alikuwa anatoka nyumbani akiwa tayari amevaa sanda.

Na hiyo haikuwa mafumbo. Enzi za Edo, yaani miaka ya 1603 hadi 1868, ukitaka kusafiri ulibeba barua kutoka kwa hekalu la kwenu ama kwa mkuu wa kijiji. Barua nyingi za mahujaji zilikuwa na ombi moja lililonifanya niweke simu chini: huyu mtu akifa huko, mzikeni kwa desturi yenu, hakuna haja ya kutuarifu nyumbani. Fikiria mzazi wako akisimama hapo kando wakati hiyo karatasi inaandikwa. Kuna waliokwenda kwa imani, sawa, na kuna waliokwenda kuona dunia. Lakini wengine walikuwa maskini ambao kijiji kimeshindwa kuwalisha, na wengine walikuwa na ukoma, wametoka kwao ili ndugu zao wasiaibike. Hao hawakuwa na siku ya kurudi. Walizunguka kisiwa, mahekalu 88, halafu wakaanza tena, mpaka mwili ukakataa. Makaburi ya mahujaji bado yako kando ya njia.

Kwa hivyo machungwa ya yule nyanya yana historia. Kumpa hujaji kitu kunaitwa osettai, na desturi inasema hujaji hakatai. Zamani ilikuwa mchele, viatu vya nyasi, kunyolewa kichwa, mahali pa kulala bure. Vikundi vya watu walivuka bahari kwa mashua kutoka upande wa Wakayama wakibeba zawadi za kugawa kwenye mahekalu. Hujaji naye anakuachia kipande cha karatasi chenye jina lake, na watu walikuwa wanavitundika nyumbani kama kinga.

Nani alianzisha huo wema? Sidhani ni wema tu, na kusema ukweli napenda zaidi hivyo. Kuna hadithi kila mtu Shikoku anaijua. Tajiri mmoja, Emon Saburo, alifukuza mtawa omba-omba mlangoni kwake, tena na tena, mwishowe akampiga bakuli likapasuka vipande vinane. Watoto wake wanane wakafa mmoja baada ya mwingine. Ndipo akajua yule mtawa alikuwa Kobo Daishi. Akaacha mali yote, akamfuata kuomba msamaha, akazunguka kisiwa mara 20 bila kumpata. Mara ya 21 akazunguka kinyume, akaanguka karibu na hekalu la 12, Shosanji, na hapo Daishi akamtokea. Ombi lake la mwisho lilikuwa azaliwe upya akiwa na uwezo wa kutenda mema. Kule Matsuyama kuna hekalu la 51, Ishiteji, jina linalomaanisha jiwe mkononi, kwa sababu inasemekana mtoto alizaliwa ameshika jiwe lenye jina la Emon.

Ukilelewa na hadithi kama hiyo, huwezi kufunga mlango ovyo. Yule mchafu anayenuka nje anaweza kuwa Daishi. Ni imani, ni huruma, na ni uoga pia. Na tumbo la mwenye njaa halikuuliza ni ipi kati ya hizo tatu imepika huo wali.

Serikali nayo ilikuwa na maoni tofauti kabisa. Utawala wa Tosa, ambako leo ni Kochi, uliwapangia mahujaji milango ya kuingilia na kutokea, barua lazima, siku zina kikomo. Baadaye, 1886, gazeti moja la huko lilichapisha makala ya kutaka mahujaji wakataliwe na ombaomba wafukuzwe, eti wanaleta magonjwa na wizi. Polisi wakawasaka na kuwatoa nje ya mipaka. Soma hiyo tena halafu uniambie hujawahi kusikia hayo maneno yakisemwa juu ya mtu fulani mtaani kwenu.

Na ni nani aliweka alama za njia? Si wizara. Mtawa mmoja aliyeitwa Shinnen alisimamisha mawe ya kuelekeza watu na kutoa kitabu cha mwongozo mwaka wa 1687. Mwingine, Nakatsuka Mohei, aliyezaliwa 1845, alitoka nyumbani akiwa kijana wa umri wangu hivi na hakurudi tena. Alizunguka njia yote mara 280 mpaka alipofariki 1922, na akaacha mawe zaidi ya 200. Mengi bado yamesimama, na kuna yaliyochongwa mkono unaoonyesha uende wapi.

Mwaka wa 1918 msichana wa miaka 24, Takamure Itsue, alitembea hiyo njia akiandika makala za gazeti la Kumamoto. Watu walimfuatilia kama sisi tunavyofuatilia msafiri wa mtandaoni, kwanza kwa sababu alikuwa msichana ambaye hajaolewa. Baadaye akawa mwanahistoria mkubwa wa wanawake wa Japani. Basi za mahujaji zilianza 1953, daraja kubwa la Seto likafunguliwa 1988, na sasa wengi wanamaliza wakiwa wamekaa kwa kiti.

Wale wa ukoma je? Sheria ya 1907 ilianza kuwaondoa barabarani. Mwaka wa 1909 kikafunguliwa kituo kwenye kisiwa kidogo cha Oshima, karibu na Takamatsu, na baadaye kutengwa kukawa lazima kwa wote. Sheria ilifutwa 1996, miaka mingi baada ya dawa kupatikana. Leo unaweza kufika Oshima kwa feri. Ukitembea huko utakutana na sanamu ndogo za mawe, moja kwa kila hekalu, 88 kamili, zilizowekwa kwa ajili ya wagonjwa ambao hawangeruhusiwa tena kwenda hija. Walikuwa wanazunguka hizo.