Habari za Barazani Mjini Bukavu

Katika zama za Wabelgiji, mji wa Bukavu ulipokuwa ukiitwa Costermansville, habari za serikali zilimshukia mwenyeji kwa sura ya amri, wala rai yake haikutafutwa. Ilipoanzishwa Radio Maendeleo mwaka 1993, kwa juhudi za jumuiya za raia wenyewe, ikazaa vilabu vya wasikilizaji, ambamo watu wa mtaa walikutana, wakashauriana juu ya shida zao, na kurekodi maneno yao yapate kutangazwa.

Naam, habari yenye uzito haingoji tangazo rasmi. Barazani, hotuba na salamu zikiisha, husimama mama mchuuzi wa komini ya Kadutu akauliza ushuru alipao sokoni wafanya kazi gani iwapo bomba halitoi maji, na swali hilo, mwandishi akilifuata kwa subira hadi ofisi ya komini, lina faida kuliko taarifa yote iliyoandikwa na wakubwa.

Kazi hii ya uandishi imelipiwa kwa damu. Mwaka 1999, mji ukiwa mikononi mwa waasi wa RCD, Radio Maendeleo ilifungwa. Kisha mwandishi Serge Maheshe wa Radio Okapi akauawa Bukavu Juni 2007, na mwenzake Didace Namujimbo Novemba 2008. Raia nao walipata sauti katika komini zao: Desemba 2023 wapiga kura wa Ibanda, Kadutu na Bagira walichagua madiwani wa komini kwa mara ya kwanza chini ya katiba ya 2006, lakini Februari 2025 waasi wa M23 wakauingia mji.